Radhi Niliyomnyima Mama Yako

Mkonze, baada ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Mimi baba yako nina miaka sabini na miwili, na vilivyotaka kuniua vyote nimevizika. Nilimwona Mwingereza akija Kongwa na mashine zake za kulima karanga, nikamfyekea vichaka, nikamwona akifunga virago, mashine zikaota kutu, mimi nikabaki. Nimepita njaa ambayo watu walichemsha ngozi za kulalia wakanywa mchuzi. Nimebebwa na lori la kuhamia vijijini, nyumba yangu ikaachwa nyuma haina paa, nikajenga nyingine kubwa kuliko ile. Nimepanga foleni ya sabuni na ya unga mpaka zimefika hizi zama za ruksa, maduka yamejaa mpaka vitu visivyo na kazi. Nimeishi kuliko kaka zangu wote, kuliko mabwana mifugo wawili, kuliko meno yangu. Na kalamu hii nilijifunza kuishika nikiwa na mvi, darasa la kisomo cha watu wazima, kwenye ghala la mtama. Wenzangu walikimbia, mimi nikakaa mpaka cheti. Kwa hiyo usije ukasema nimemwandikisha mtu. Mkono ni wangu.

Najua uko kwa shangazi yako Mwajuma, kule Zuzu, na najua ulichosema ulipotoka hapa asubuhi. Ulisema kesho hupandi treni. Ulisema nafasi yako ya chuo cha ualimu na ipotee kama ilivyopotea ya mwaka jana, lakini humwachi mama yako mikononi mwa mwanamume anayemnyima radhi mke wake anayekufa. Ulisema hayo mlangoni, Bi Mwasiti jirani yetu anapepeta uwele wake upande wa pili, na ungo wake ukasimama ili asikie vizuri.

Sikukujibu. Mimi Hamisi, niliyewahi kumjibu mkuu wa wilaya mbele ya mkutano, nilinyamaza kama mtu aliyepigwa kofi. Tangu lile la kitandani kwa mama yako, ambalo nitalifikia, mimi na wewe tukifungua midomo tunagombana. Basi nimeona nikuandikie. Karatasi haidakii mtu maneno.

Sikuandikii habari za kufunga sanduku, wala za kula vizuri, wala za kuchagua marafiki. Mtu aliyemuuguza mwenzake kama ulivyomuuguza mama yako, mimi nimfundishe nini juu ya mambo hayo? Leo baada ya wewe kuondoka limetokea jambo humu ndani, na nitakueleza. Lakini hutalielewa mpaka kwanza ujue kwa nini nilikataa. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini. Wote mlidhani mnajua.

Nikiwa kijana kule Kondoa kazi yangu ilikuwa kuswaga ng'ombe wa matajiri kwa miguu mpaka minada ya mbali, na uliza utakayemuuliza, hakuna aliyeniweza. Safari moja nikarudi nikamkuta mama yangu, bibi yako ambaye hukumwona, amelala ndani tangu mavuno yaliyopita. Aliyemuuguza ni huyo huyo shangazi yako Mwajuma unayelala kwake leo. Alikuwa msichana wa rika lako, amekonda kuliko mgonjwa. Hata shikamoo hakunipa. Aliniambia tu, "Kaka, anakungoja wewe. Ingia umwombe radhi, usikae na vumbi lako hapo nje."

Nikaingia. Nikapiga magoti nikaomba. Mama akanitemea mate kidogo kwenye kiganja chake, akanipaka usoni, akasema, "Nenda mwanangu, niko radhi nawe." Nikatoka kunywesha ng'ombe. Hawajamaliza kunywa, nikasikia Mwajuma anapiga ukelele.

Watu walinishika mkono wakasema nimebahatika, nimewahi. Mimi moyoni nikasema, nimewahi kumuua. Niliona hivi: mama alikuwa amebaki na kamba moja tu inayomfunga hapa duniani, nami nikaja mbio toka safari nikaifungua kwa mkono wangu. Ningechelewa kwa siku chache, angekuwepo siku hizo chache. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata mama yako. Nililiweka tu. Na unajua mimi nikiliweka jambo halitoki.

Kitu kingine cha siku ile. Kabla ya kumzika nilimtafuta Mwajuma, nikamkuta nyuma ya ghala amelala fofofo, mchana, mdomo wazi, waombolezaji wamejaa uwanjani. Nikaona hana haya. Nilimkasirikia miaka, na yeye hajui mpaka leo. Nimekuja kumwelewa mwaka huu, kwa kukutazama wewe. Kwa hiyo siku ya mama yako ikifika, Zaituni, na wewe ukajikuta unalala kama gunia, lala. Atakayekunyooshea kidole ni mjinga kama nilivyokuwa mimi.

Nimetoka kumwangalia. Anapumua. Nimemlaza upande wa kushoto kama unavyofanya wewe, na kile kitambaa katikati ya magoti.

Sasa mama yako. Siku ile daktari alipotuvuta pembeni akasema ugonjwa wa kizazi umeshapita mahali pa kutibika, mrudisheni nyumbani mumpe anachopenda, wewe ulilia. Mimi nilimuuliza yule kijana kama amewahi kumwona ng'ombe aliyekatiwa tamaa na bwana mifugo halafu akazaa ndama watatu. Akafunga faili lake. Nikatoka mle ndani nimeshinda. Njia nzima kwenye gari nilijiona nimeshinda, na mama yako amelaza kichwa pajani kwako, kila shimo barabarani anauma kanga.

Alianza kuniomba kiangazi kilipoanza. Siku hiyo nilimletea zabibu, nimekaa kwenye kigoda namtolea mbegu.

"Baba Zaituni, nipe radhi yangu."

"Radhi ya nini? Unasafiri?"

"Wewe mwanamume, sema tu."

"Nitasema siku ukinisongea ugali."

Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Nikajiona mjanja. Mara ya pili nikamwambia, "Wewe ndiye utakayenizika mimi, nikupe radhi unipelekee wapi?" Hakucheka. Mara ya tatu nilichukua fimbo yangu nikaenda zizini, na huko hakukuwa na mbuzi hata mmoja aliyenihitaji.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi yangu. Nikiona anavuta pumzi ya kutaka kusema, natoka. Unajua wanawake wa kwetu walivyo juu ya jambo hili. Mwanamke anaweza kuvumilia njaa, kipigo cha maisha, kila kitu, lakini hataki kuingia kaburini mumewe hajatamka kwamba yuko radhi naye. Nilijua. Ndiyo maana nilikataa. Nilisema, kama hiyo ndiyo kamba yake, basi mimi nitaishika, na mimi nikishika kamba hakuna fahali aliyewahi kuninyang'anya.

Watu wakaanza. Waliokuja kumjulia hali wakawa wanatoka wananong'ona mpaka kwenye bomba la maji. Mzee Hamisi ana kinyongo. Kuna kitu yule mama alikifanya zamani. Bi Mwasiti akathubutu kuniuliza juu ya uzio, "Shemeji, huyo mwenzako alikukosea nini kikubwa hivyo, hata Mungu ameshasamehe wewe bado?"

Nikamwambia, "Fagia uwanja wako."

Sikujua kwamba hata humu ndani mnaamini vivyo hivyo.

Ndipo ikaja Ijumaa ile. Wewe unalikumbuka tendo, hukujua kilichokuwa kichwani mwangu. Mwaka ule wa ukame mkubwa, kabla hujazaliwa, kila alfajiri tulizunguka mazizi kuinua ng'ombe walioshindwa kusimama. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, wengine wanaingiza mikono chini ya mbavu, mnahesabu, mnanyanyua. Ng'ombe akisimama, hata kama mmemsimamisha nyinyi, huyo ana siku nyingine. Akiachwa amelala, mnaanza kunoa visu. Mimi nilikuwa nashika mkia peke yangu, hilo wanalieleza mpaka leo Mkonze nzima. Na niliokoa wengi.

Basi Ijumaa hiyo nikaingia, wewe uko nje unachemsha maji. Nikamwambia mama yako, "Leo tunasimama." Nikamtia mikono kwapani. Alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa, na woga ukanifanya nivute kwa nguvu zaidi. Alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Ukaingia mbio.

"Baba, unafanya nini?"

"Anasimama. Huoni anasimama?"

"Mwache! Baba, mama si ng'ombe!"

Ukanisukuma. Mtoto niliyemzaa ukanisukuma kifuani mbele ya mama yako nikaangukia sanduku. Nami nikakuambia lile neno. Nilikuambia, "Wewe ndiye unayemlaza. Umeshamzoeza kufa."

Nimetafuta namna ya kulirudisha neno hilo, siioni. Kulia sijui, na kuomba msamaha nimeanza kujifunza leo, uzeeni, kama kusoma. Nakwambia tu nililoliona mwaka mzima huku nikijifanya sioni. Nilikuona unachana mashuka ya mitumba vipande vipande, vitambaa vya kumkingia mama yako, usiku na mchana. Nilikuona unafukiza udi kabla wageni hawajabisha hodi, halafu unavaa uso wa kucheka mlangoni kama mtu anayevaa viatu: "Karibuni, leo ameamka vizuri." Wakiondoka unavua. Nilikuona nyuma ya choo, umejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka. Nilikuwa nimekwenda kwa haja zangu. Nikageuka nikarudi. Nikakaa na haja yangu mpaka ulipomaliza, nikaona hiyo ndiyo heshima. Ningekuja nikasimama tu pembeni yako, hata bila kusema kitu, ingenipunguzia nini?

Na nilikusikia unaomba. Ulidhani niko msikitini. Umekaa kizingitini, sufuria ya uji mapajani, unasema, "Ee Mungu, mchukue. Mchukue tu, amechoka. Na mimi nimechoka." Halafu ukajipiga mdomo kwa kiganja.

Zaituni, sikukasirika. Najua hilo ndilo unalolibeba moyoni kuliko yote, unadhani umemtakia mama yako kifo. Nami miezi hiyo hiyo nilikuwa naomba asiende. Kila sala. Asiende, asiende, hata hivyo alivyo, na abaki. Leo nimekaa nikajiuliza, kati yetu sisi wawili, ni nani aliyekuwa anamwombea yeye? Basi hilo litue. Ukifika huko uendako, likikurudia darasani, ulitue tena.

Nimetoka tena. Amegeuza kichwa. Nimemlowesha midomo kwa pamba. Naandika huku nimegeukia mlango wake, ndiyo maana mstari huu umepanda mlima.

Sasa la leo.

Ulipotoka ulisema kwa sauti, hukusema na mimi, ulisema na ukuta: maji yako jikoni, vitambaa viko kambani, kama baba anaweza. Kama ninaweza! Nilikaa uwanjani mpaka jua likawa kali, kisha nikasikia mama yako anaita jina lako kwa sauti ile ya mtu aliyelowa na anaona aibu. Nikabeba beseni.

Nilimwosha. Ni mke wangu, hakuna sheria iliyonikataza, ila sikuwahi. Nilifanya kama ulivyokuwa unafanya, maana mlango ule haufungi vizuri na mimi nina macho. Nikaanza na uso, nikamfunika nilikomaliza, nikabadilisha maji. Harufu ilinipanda kichwani nikahisi kutapika, nikameza. Nikajiuliza wewe umemeza mara ngapi. Mama yako alikuwa amegeukia ukutani. Ghafla akaanza kusema.

"Baba Zaituni, ni ile asali?"

"Asali gani?"

"Lile debe ulilolileta toka Kondoa. Nilimpa kaka yangu nusu, nikakuambia limevuja."

Nikacheka. "Nilijua siku ile ile. Debe lenyewe halikuwa na tundu."

"Basi ni siku niliyokataa kuhamia Kongwa."

"Kongwa tungefanya nini? Tulia, naosha."

"Basi ni arobaini ya mama yako. Sikwenda."

"Arobaini ya mama? Wewe! Tulikuwa hata hatujajuana!"

Akaendelea kuutazama ukuta. Mimi bado nacheka, kisha nikaacha. Niliona kwamba hatanii. Alikuwa amepekua maisha yetu yote, kona zote, kutafuta kosa lake, hakuliona, mpaka akavuka mpaka akaanza kupekua miaka ya kabla sijamwoa. Nikakumbuka siku ile uliponiambia, "Baba, mama halali, anatafuta alichokukosea," nami nikakujibu kwamba ni dawa zinamsemesha.

Kisha akasema, bado anautazama ukuta, "Basi ni lile. Najua ni lile. Sikukupa mtoto wa kiume. Ulisema mnadani."

Hili ni bora ulisikie kwangu kuliko ulisikie kwa watu. Ulizaliwa baada ya sisi kungoja miaka, watu wameshanichosha kwa ushauri wa kuoa mwingine, na mimi sikuoa, mkaidi ni mkaidi. Siku uliyozaliwa nilikuwa mnadani. Wanaume wakaniuliza, "Hamisi, umepata nini?" Nikajibu, "Nimepata mgeni," maana ndivyo tunavyomwita mtoto wa kike, mtu atakayekaa kidogo aende kwa wenyewe. Wakacheka, nikacheka nao. Halafu nikawanunulia wote kahawa, na wa jirani pia, nikaruka pale kama kichaa kwa furaha. Aliyeleta habari nyumbani alileta kicheko tu, hiyo kahawa hakuitaja. Na mama yako alilimeza lile neno, akakulea, akanipikia, asiniulize hata siku moja, mpaka leo, mimi nimeshika kitambaa kinachotiririka maji.

Nikamwambia, "Si hilo."

"Basi niambie ni lipi. Niambie nilitubie, Baba Zaituni. Siku zimekwisha."

"Hakuna."

"Mtu hanyimwi radhi bila jambo."

Zaituni, nimepambana na fisi zizini kwa mwenge. Haikuwa kazi kama kutamka maneno haya. "Sikupi kwa sababu nikikupa utaondoka."

Akageuka. Hajageuka mwenyewe bila msaada wako tangu mfungo uliopita, leo aligeuka. Nikadhani atanionea huruma. Mama yako!

"Miezi yote hii ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Mimi nalala hapa nachambua dhambi zangu kama mchele wa mawe, naogopa kufa, naogopa kulala, na wewe umekaa hapo nje kwa sababu unaogopa?"

"Sikuogopa."

"Uliogopa."

"Haya. Niliogopa."

"Mjinga mkubwa wewe." Alikuwa na hasira, macho yanawaka kama zamani tukigombania mbegu. "Unadhani Mungu anasubiri ruhusa ya Hamisi? Nipe. Nami sitaki ya humu chumbani. Uliponinyima walijua watu, ukinipa na wajue watu. Ita mashahidi."

Nikamvalisha, nikamfunika ile kanga yake ya buluu. Nikatoka nikamwita Bi Mwasiti juu ya uzio, akaja hata hajanawa unga mikononi. Mzee Yona alikuwa anapita na baiskeli yake kuelekea shamba, akasema, "Mbukwenyi," nikamwambia salamu baadaye, ingia. Akasema yeye ni mtu wa kanisa, haya si mambo yake. Mama yako akaita toka ndani, "Yona, masikio ya kanisani yanasikia pia. Ingia." Akavua kofia akaingia.

Nikasimama pale. Miguu yangu hii iliyotembea Kondoa mpaka wapi sijui, ilitaka kutoka nje. Nikasema. Bi Mwasiti akadakia, "Sema kwa sauti, shemeji, upepo huo nje."

Nikasema kwa sauti. "Mimi Hamisi niko radhi na mke wangu, duniani na akhera. Hana deni kwangu. Hajawahi kunikosea, ila asali."

"Toa asali," mama yako akasema.

"Na asali nimesamehe."

"Na mtoto?"

"Mtoto aliyenipa ni mmoja na ananitosha. Hana mwenzake katika nchi hii, na mgeni ni mimi niliyekaa humu ndani mwaka mzima sishiki hata kitambaa."

Bi Mwasiti akaanza kulia na unga wake, uso wote ukawa uji. Mzee Yona aligeukia mlango akajifanya anaitazama baiskeli. Nami nikapiga magoti, goti langu unalijua linavyolia, nikamwomba mama yako radhi yangu kwake. Maana nimemkosea zaidi, na hilo nalo nimelisema mbele yao.

Kisha akasema, "Ya kwako utaingoja. Ulinichelewesha miezi. Nitakupa pindi Zaituni akishapanda treni. Nikisikia kwa masikio yangu kwamba ameondoka, nitakupa. Siyo kabla."

"Na kama hukuwahi?" nikamuuliza. Lilinitoka tu.

"Basi mfanye haraka."

Akafumba macho. Nilishika ukingo wa kitanda nikingoja, nikijua sasa ndiyo basi, ng'ombe hawajamaliza kunywa. Bi Mwasiti naye anangoja, anatikisa midomo. Mama yako akafungua jicho moja. "Mnatazama nini? Nataka uji."

Alikunywa vijiko kadhaa, akalala. Tangu hapo amelala. Si ule usingizi wa kuguna, huu ni wa kimya, na kimya chake ndicho kinachoniinua hapa kila baada ya mstari. Pumzi inakwenda mbali, inakaa huko, mimi nasimama na kalamu hewani, kisha inarudi. Sikudanganyi kwamba atapona. Nimewahi kudanganya vya kutosha. Huenda ni usiku wa leo, huenda ni mwezi ujao. Nilidhani nikishatoa neno lile nitajiona nimemuua kama nilivyojiona kwa mama yangu. Sijioni hivyo. Ninaogopa sana, lakini sijioni hivyo.

Kesho nitakuwa mimi na beseni. Usicheke. Bi Mwasiti amesema atakuja asubuhi na jioni, na mambo ya kike nisiyoyaweza atayafanya yeye. Mengine nitayaweza, na baada ya wiki utasikia watu wanasema hakuna mwanamume Mkonze anayeuguza kama Mzee Hamisi. Vidonge vyake vya maumivu nimevijua, vile vyeupe. Ninachokuomba ni kimoja. Njoo alfajiri, mwombe radhi yako, yeye anasema unayo tangu siku ulipozaliwa ila anataka kukuambia mwenyewe. Halafu panda treni. Ukikaa kwa ajili ya kumlinda dhidi yangu, sababu hiyo haipo tena. Ukikaa kwa sababu unaona mtu mwema haondoki, nakuambia hivi: umeshakaa. Mwaka mzima ulikaa peke yako, na mimi nikiwa hapa hapa. Zamu ni yangu.

Na ukifika huko habari ikakufuata, utasema ulimkimbia. Kila aliyeuguza husema ningekuwepo, na aliyekuwepo husema ningefanya. Mimi nilikuwepo kwa mama yangu, nikajilaumu kwa kuwepo. Hakuna mlango wa kutokea huko, mwanangu. Usiingie.

Najua unavyonijua. Utasema baba anatia chumvi, baba ndiye aliyeshika mkia wa ng'ombe peke yake, nani atamwamini. Sawa. Aliyekukabidhi karatasi hii ni Mzee Yona, alikuwa amesimama karibu na mlango, ameshika kofia. Mwulize kabla hajapanda baiskeli, na umtazame usoni wakati anajibu, mtu yule hajui kudanganya, ndiyo maana hana biashara. Wa pili ni Bi Mwasiti, na kwa jinsi ninavyomfahamu, ukifika kwenye bomba la maji utakuta wote wameshasikia toka kwake na maneno yake ya nyongeza. Yaondoe ya nyongeza, yaliyobaki ni kweli.

Wa tatu ni mama yako. Ukiwahi, anza kumuuliza yeye.

Baba yako,
Hamisi